Mpako wa inzi wa ndoana: kosa la kuchagua kwa mng'ao

Kabla sijaanza kulalamika, msomaji, nakuomba ufanye jaribio dogo. Okota kokoto la mtoni, lile la kijivu lisilo na mvuto wowote, ulikaushe juani. Kisha litumbukize kwenye bakuli la maji safi. Umeona? Jiwe lililoonekana kama limepakwa vumbi sasa lina mistari, lina wekundu, lina doa ambalo hukuliona mwanzo. Hakuna aliyelipiga msasa. Ni maji tu. Liache humo bakulini, tutalirudia.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Sikonge, kusini mwa Tabora mjini, nikipumzika baada ya kukabidhi tasnifu yangu ya kemia ya polima. Mpwa wangu, aliyekuwa akisubiri matokeo ya kidato cha nne, alinipa "shikamoo mamdogo" ya haraka haraka halafu akanivuta hadi kibarazani. Mezani alikuwa amefunga jiliwa ya marehemu babu yake. Kwenye jiliwa kulikuwa na ndoana, na kwenye ndoana kulikuwa na kitu kinachong'aa kama kipini cha pua.

Kwa asiyejua: inzi wa ndoana ni chambo bandia. Unachukua ndoana, unaifunga manyoya ya kuku, manyoya ya mbuzi na nyuzi za kumetameta kwa uzi mwembamba, mpaka ifanane na mdudu aliyeanguka majini au kidagaa kinachokimbia. Waingereza ndio waliokuja na mchezo huu kwenye milima ya Kenya, ambako samaki wa trauti waliingizwa mito ya Aberdare mwaka 1905. Trauti walizaana, na pamoja nao ikakua kazi ya kufunga inzi kwa mkono. Hadi leo Kenya inajulikana duniani kwa inzi wanaofungwa humo na kuuzwa nje kwa dazeni.

Kwetu magharibi hakuna trauti. Kuna samaki mwingine ambaye wataalamu wanamwita Hydrocynus, jina la Kigiriki lenye maana ya mbwa wa majini, na ukimwona meno huhitaji tafsiri. Yumo Malagarasi, yumo Ziwa Tanganyika. Kule bonde la Kilombero, kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji, wageni wanasafiri kutoka mbali kuja kumvua kwa inzi. Mpwa wangu alikuwa amesikia habari hizo. Akili yake ikafanya hesabu: manyoya ya kuku ni bure, muda anao, na wageni wana hela. Kilichobaki, alidhani, ni kupata mpako unaong'aa kama wa kwenye video.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza.

Nimeangalia video za kufunga inzi nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Zinafanana mno. Fundi anafunga inzi vizuri, tena kwa ustadi ninaouheshimu, halafu anafika kwenye kichwa, pale uzi unapoishia nyuma ya tundu la ndoana. Anadondosha tone la rezini angavu, anawasha tochi ya zambarau, sekunde chache, tayari. Anamgeuza inzi mbele ya kamera ili taa ya mezani iteleze juu ya kile kichwa. Kinang'aa. Hukumu inatolewa: mpako huu ndio bora, ile mingine ni ya zamani. Mpako umehukumiwa ukiwa mkavu, mkononi, siku ya kwanza, bila samaki na bila maji.

Rudi kwenye bakuli lako. Kitu kinang'aa kwa sababu sehemu ya mwanga inadunda kwenye uso wake. Kiasi kinachodunda kinategemea tofauti ya mwendo wa mwanga kati ya vitu viwili vinavyokutana. Hewani mwanga unakwenda kasi karibu na kasi yake kamili, hivyo tunaipa hewa namba 1. Majini unapungua kwa mara 1.33. Ndani ya rezini iliyokauka, na ndani ya rangi ya kucha pia, unapungua kwa takriban mara 1.5. Kanuni yenyewe ni ya kidato cha sita: chukua tofauti ya namba mbili, gawanya kwa jumla yake, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Hewa na rezini: 0.5 gawanya kwa 2.5 ni 0.2, mara yenyewe ni 0.04. Yaani mwanga unaopiga uso moja kwa moja unadunda asilimia 4. Sasa maji na rezini: 0.17 gawanya kwa 2.83 ni 0.06, mara yenyewe ni 0.0036. Haifiki hata asilimia 0.4.

Soma tena hiyo. Ule mng'ao wa usoni ulioamua kila kitu kwenye video unapungua zaidi ya mara kumi pale inzi anapoingia majini. Na kinyume chake, kichwa chenye mikwaruzo na ukungu wa juu juu, ambacho mkononi kinaonekana kazi mbovu, majini kinakuwa angavu kama kokoto lako. Samaki hana taa ya mezani. Kwenye mto wenye tope la masika hata hicho kidogo kilichobaki hakioni.

Nisieleweke vibaya. Uangavu wa ndani, yaani mpako kupitisha mwanga bila kuugeuza rangi, una kazi yake kwenye kiwiliwili cha inzi wa kuiga dagaa. Nyuzi za fedha zilizo chini ya mpako zinaendelea kumetameta hata majini, na mpako ulioingia wingu jeupe ndani utazifunika. Bob Popovics, mvuvi wa New Jersey, aliwapatia umaarufu inzi waliofunikwa mwili kwa epoksi angavu, na si kwa urembo tu: alitaka dagaa bandia atakayestahimili meno ya samaki wa baharini. Ninachokataa ni kuuchukua mng'ao wa uso kuwa ushahidi wa ubora.

Na inashangaza tunavyokosea hapa, maana pwani yetu iliwahi kuuuzia ulimwengu malighafi ya mipako angavu kwa karne nzima. Unaifahamu sandarusi? Ni utomvu uliogeuka kuwa kama jiwe, wa mti wa msandarusi, uliochimbwa ardhini Mrima mkabala na Unguja. Katika karne ya 19 ilikwenda Salem kule Marekani, ikaenda London, Hamburg na Bombay, ikayeyushwa kwa moto mkali na kuchanganywa na mafuta kuwa vanishi ya magari ya farasi na samani. Vanishi ya aina hiyo ndiyo iliyopakwa pia kwenye fimbo za kuvulia za mianzi. Meli za Marekani zilizopakia sandarusi na pembe zilishusha vitambaa vya pamba, vile tulivyoviita merikani, na merikani ikapanda na misafara hadi Unyanyembe. Burton na Speke walipofika Tabora, iliyokuwa ikiitwa Kazeh, Novemba 1857, kitambaa hicho kilikuwa sehemu ya fedha ya njiani. Kwa hiyo mababu wa Sikonge hawakuuza sandarusi, lakini waliivaa kwa namna fulani.

Ninachotaka uone ni jinsi wachuuzi wale walivyoichagua. Kulikuwa na sandarusi ya ardhini, iliyokaa udongoni miaka mingi hata mti wenyewe ukatoweka. Na kulikuwa na utomvu mbichi uliogandamizwa na jua tu, ulioitwa chakazi. (Burton anasimulia kwamba wafanyabiashara wa Kizungu walilisikia neno hilo vibaya wakaligeuza kuwa "jackass", punda dume, na jina likabaki kwenye vitabu vya biashara yao.) Chakazi nayo ni angavu. Mkononi inaweza kupendeza kabisa. Lakini ni laini, na bei yake ilikuwa ya chini. Sandarusi ya ardhini ilioshwa kwa magadi kuondoa gamba lake, na chini ya gamba kulikuwa na uso wenye vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Vipele hivyo ndivyo mnunuzi alivyovitafuta, maana vilimwambia kwamba kitu hiki kimekaa, kimekomaa, kitakuwa kigumu. Uangavu haukutosha kumtoa mtu hela mfukoni. Swali lilikuwa: kimekomaa?

Swali hilohilo ndilo la kuuliza mbele ya chupa yoyote ya mpako. Kimekomaa vipi, na kimekomaa mpaka ndani?

Kichwa cha inzi ni mizunguko ya uzi iliyokazwa kwa fundo la kumalizia. Kazi ya kwanza ya mpako pale ni kuingia katikati ya nyuzi na kuzishikanisha, ili meno yakikata mzunguko mmoja mingine isifumuke. Kung'aa ni kazi ya tatu au ya nne. Sasa, rezini ya mwanga ina tabia moja ambayo video hazikuonyeshi: inaganda pale tu mwanga wa urujuanimno unapofika. Juu ya kichwa unafika. Katikati ya mizunguko ya uzi mweusi haufiki. Ukidondosha tone nene juu ya uzi mweusi unapata kofia ngumu iliyovalishwa juu ya unyevunyevu. Nilichukua wembe nikakata vichwa vitatu vya mpwa wangu, mbele yake, alinuna kweli. Viwili vilikuwa na uzi unaonata ndani. Vimeng'aa nje kama shanga.

Uso nao una mkasa wake. Oksijeni ya hewani inazuia polima isijiunge, kwa hiyo ngozi ya juu kabisa ya rezini nyingi za aina hii inabaki inanata hata baada ya mwanga. Fundi wa kwenye video anaifuta na spiriti nje ya kamera, au anapaka kitu kingine juu. Mpwa wangu aliifuta kwa kidole.

Hapo tumefika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Ule unyevunyevu unaonata ni monoma za akrileti, molekuli ndogo ambazo bado hazijashikana. Zikishashikana zinakuwa plastiki isiyo na shida sana na ngozi. Kabla ya hapo zinapenya ngozi, na kwa baadhi ya watu mwili unazisajili kama adui. Huchubuki siku ya kwanza. Unaweza kushika kwa wiki, kwa miezi, bila lolote. Kisha siku moja ncha za vidole zinawasha, zinapasuka, kucha zinainuka. Kuanzia hapo mzio huo kwa kawaida haukuachi. Tatizo halimaliziki kwenye vidole, kwa sababu akrileti za jamii hiyohiyo zimo kwenye vijazio vya meno na kwenye saruji inayotumika kufungia nyonga bandia. Mtu anaweza kuja kusumbuliwa kwenye kiti cha daktari wa meno kwa sababu ya kitu alichokishika kibarazani akiwa na miaka kumi na minane.

Naijua hali hiyo kwa kidole changu cha shahada. Wakati wa utafiti nilinunua chupa ya jeli isiyo na lebo ya maana, nikafanya nayo majaribio ya pembeni nikiwa nimevaa glovu nyembamba za mpira, nikijiona mjanja. Monoma hizi zinapita kwenye mpira wa namna hiyo kwa dakika chache. Glovu za nitrili zinazichelewesha, na hata hizo ni za kuvua na kutupa mara tone linapoziangukia. Nilikuja kulisoma hilo nikiwa tayari napaka krimu. Hadi leo siwezi kupaka jeli kucha, na nikienda kwa daktari wa meno naanza kwa kujieleza.

Chupa ya mpwa wangu ilitoka saluni. Kwa kweli hilo ni la akili: jeli ya kucha na rezini ya inzi ni ndugu wa karibu, na taa ya kukaushia kucha inafanya kazi. Lakini ndugu hao wana monoma moja maarufu kwa mzio, inayoitwa kwa kifupi HEMA. Umoja wa Ulaya mwaka 2020 ulipitisha kanuni kwamba bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na wataalamu pekee na ziwe na onyo kwenye kifungashio. Chupa ile haikuwa na onyo. Haikuwa hata na orodha ya vilivyomo.

Ndiyo maana nazilaumu zile video zaidi ya kuwa zinakosea fizikia. Zinatengenezwa na watu wanaofunga inzi watano Jumamosi, kwa ajili ya watu wanaofunga inzi watano Jumamosi. Zikimfikia kijana anayetaka kufunga dazeni tatu kwa siku, au mama anayelipwa kwa idadi kwenye karakana, ushauri uleule unakuwa na maana nyingine kabisa. Tone linalogusa kidole mara moja kwa wiki na tone linalogusa kidole mara hamsini kwa siku si tone moja. Mkaguzi anayepima mpako bila kutaja mkono wa anayepaka amekagua nusu ya kitu.

Basi mpwa wangu, akiona nimekasirika, akaja na upande wa pili. "Mamdogo, si tutumie vya kwetu? Nta ipo." Kweli ipo. Tabora ni nchi ya miombo na nyuki, na nta yetu ilisafirishwa nje tangu enzi za Wajerumani. Kuna hisia nzuri kwenye wazo hilo, na najua wasomaji wengi mtalipigia makofi. Mimi sitalipigia. Nta si angavu, ni laini, na inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64. Kabla ya hapo inalegea, na boksi la ndoana lililosahaulika juu ya dashibodi mwezi wa Oktoba litakuonyesha. Kazi ya nta kwa mfunga inzi ni ya zamani na ni nzuri, ila ni nyingine: unaupitisha uzi kwenye donge la nta ili ushike manyoya na usiteleze. Hata hapo uwe na kiasi, kwa sababu uzi uliojaa nta unakataa mpako usiingie. Gundi ya nyuki, ile ya kahawia wanayozibia mizinga, nayo inayeyuka kwenye spiriti na kutoa vanishi yenye rangi nzuri ya chai. Tuliijaribu. Usiku ilikuwa kavu. Saa nane mchana inzi wote walikuwa wameshikana kwenye boksi kama tende.

Kwa hiyo nini? Mtu anayekosoa lazima aweke chake mezani, si ndiyo?

Kwa vichwa vidogo mimi nachagua rangi ya kucha isiyo na rangi. Ndiyo, ile ya kawaida ya dukani, sio jeli. Inadharauliwa sana na wenye tochi za zambarau. Ndani yake kuna nitroselulosi iliyoyeyushwa kwenye viyeyushi vyepesi, na inakauka kwa viyeyushi kuruka tu. Hakuna monoma inayosubiri mwanga. Ni nyepesi, inazama kwenye uzi kabla haijakauka, na hilo ndilo tunalotaka. Paka tabaka jembamba, subiri, paka tena, mara tatu. Ina kasoro zake, sitaficha. Itakuwa na umanjano baada ya muda juani, na itaanza kupasuka ikizeeka. Mvuke wake si wa kuvuta, hivyo fanya kazi kibarazani, na usiwe karibu na jiko la mkaa wala kibatari kwa sababu viyeyushi vyake vinashika moto upesi. Wakati wa mvua, ukiichanganya na asetoni ili iwe nyepesi, kuruka haraka kwa asetoni kunapoza uso, unyevu wa hewani unatua juu yake, na unapata wingu jeupe. Usiwe na haraka tu. Na tafadhali usiipake kwenye mwili wa inzi uliochongwa kwa povu jeupe la maboksi ya televisheni. Mpwa wangu alifanya hivyo. Mwili ukanywea mbele yetu kama barafu kwenye chai.

Kwa wale inzi wakubwa wa dagaa, wenye macho ya kubandika, rangi ya kucha haitoshi. Pale meno ya mbwa wa majini yanataka kitu kizito, na hapo naiheshimu epoksi ya mirija miwili. Inakomaa yenyewe mpaka ndani, kuwe na mwanga au giza, kwa sababu kigumishi kimechanganywa kila mahali. Lakini chukua ya dakika 30, usichukue ya dakika 5. Muda ulioandikwa kwenye pakiti ni wa chumba chenye ubaridi wa wastani. Kanuni ya mkono kwa kemia nyingi ni kwamba ukipandisha nyuzijoto 10 kasi inakaribia kuwa mara mbili, na mchana wa Sikonge kabla ya mvua haujali pakiti imeandikwa nini. Ile ya dakika 5 itakugandia kwenye kijiti kabla hujafika inzi wa tatu. Pima nusu kwa nusu kwa uangalifu, mgeuze inzi taratibu wakati inakaza isije ikaning'inia upande mmoja, na linda ngozi, maana epoksi mbichi nayo huleta mzio. Itageuka njano juani. Sasa unajua kwa nini hilo halinisumbui.

Supaglu naitumia kwa tone moja tu chini ya kila kitu, kushikisha uzi kwenye chuma. Inakaa vizuri pale. Ikiachwa juu kama mpako inakuwa kavu kama ganda la yai, na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye manyoya. Usiifute kwa pamba hata siku moja: supaglu na pamba zinachemka pamoja kwa ghafla, na unaweza kuungua kidole.

Na rezini ya mwanga? Siipigi marufuku. Ina nafasi yake kwenye kiwiliwili cha inzi mweupe au wa fedha, pale mwanga unapopita mpaka chini. Kichwa cha uzi kiwe kimeshapakwa rangi ya kucha na kukauka kwanza, ndipo rezini ije juu kwa matabaka membamba, kila moja likigandishwa peke yake. Nunua yenye lebo inayosomeka. Vaa nitrili. Na jua la saa sita la Sikonge, ambalo halihitaji betri, ni taa bora kuliko tochi nyingi ninazoziona zikiuzwa, kwa sababu mwanga wa zambarau unaouona kwa macho haukuambii nguvu ya ule usiouona.

Tulifunga inzi kumi na wawili kabla sijarudi chuoni. Sita tuliwapaka kwa njia yangu, sita akawapaka kwa njia yake, tukawatia wote kwenye ndoo ya maji ya kisima tukamwita dada yangu aje achague wanaong'aa zaidi. Aliinama juu ya ndoo, akaangalia sana, akatuuliza kama tunamtania. Tulipowatoa na kuwakausha aliwatenganisha bila kukosea hata mmoja.

Mpwa wangu hakusema kitu. Akachukua ile chupa ya saluni, iliyobaki kama nusu, akaniuliza aimwage wapi. Nikamwambia asiimwage popote. Tuliimimina yote kwenye kifuniko cha ndoo cha plastiki, nyembamba kama chapati, tukaiacha juani kutwa nzima mpaka ikawa ngumu pande zote mbili, ndipo ikaenda kwenye takataka.